Kipimo cha Kazi: Historia ya Saa na Tija Karagwe na Kyerwa

Mwishoni mwa Novemba 1861 msafara wa Mwingereza John Hanning Speke uliwasili Karagwe, kwa Mukama, yaani mfalme, Rumanyika. Ulikuwa umeondoka pwani zaidi ya mwaka mmoja kabla ya hapo, na sehemu kubwa ya muda huo iliishia kambini, si njiani. Wapagazi walikuwa adimu, na waliopatikana waligoma au waliondoka usiku. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1863 Speke anawalalamikia kurasa kwa kurasa. Lakini ukiyasoma malalamiko hayo kwa jicho la mpagazi, unakutana na mjadala unaoendelea leo katika ofisi na viwanda vya dunia nzima: mtu akipunguziwa saa za kazi, hufanya zaidi au hufanya kidogo?

Wapagazi wa njia ya kati ya misafara, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa na jibu lao, na walilitetea kwa miguu yao. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Safari ilianza alfajiri kukiwa na ubaridi, na msafara ulitua jua lilipoanza kuwa kali, mara nyingi kabla ya adhuhuri. Saa zilizobaki zilikuwa za mpagazi mwenyewe: kujenga kibanda cha majani, kutafuta chakula, kupika, kutibu miguu, kulala. Mkuu wa msafara aliyetaka kuongeza mwendo wa alasiri juu ya mwendo wa asubuhi aliweza kuamka kesho yake akakuta mizigo imelala chini bila wenyewe. Msafara uliosafiri asubuhi tu, siku baada ya siku, ulifika. Watu kama Sidi Mubarak Bombay, aliyesimama kati ya wazungu na wapagazi katika safari hiyo, walilazimika kulijua hilo vizuri kuliko mabwana zao.

Mwili una kikomo, hata kwa tajiri wa msafara. Speke alipoondoka Karagwe Januari 1862 kuelekea Buganda, mwenzake James Grant alibaki kwa Rumanyika kwa miezi kadhaa akiuguza mguu.

Siku ya kibanja

Karagwe aliyoiona Speke ilikuwa na kalenda yake ya kazi. Wanyambo walilima na kufuga katika vilima vinavyoshuka hadi Mto Kagera, mpaka wa leo na Rwanda na Uganda. Migomba ya kibanja, yaani shamba linaloizunguka nyumba, ilihitaji kupogolewa, ng'ombe walihitaji malisho na maji, wahunzi walifua majembe, na raia walimpelekea Mukama sehemu ya mavuno na nguvu zao. Mfalme alidai kazi, lakini hakuwa na kengele. Jembe liliingia ardhini umande ukiwa bado haujakauka na likapumzishwa jua likipanda.

Jua lenyewe Karagwe lina tabia yake. Tanzania nzima hutumia saa moja, lakini wilaya hizi zipo ukingoni kabisa mwa magharibi, hivyo mapambazuko huchelewa karibu nusu saa ukilinganisha na Dar es Salaam. Ofisi ya serikali inapofunguliwa saa moja na nusu asubuhi, mjini Kayanga ndiyo kwanza kumekucha. Na kwa kuwa tupo karibu na ikweta, hakuna majira yanayorefusha mchana. Mkulima hupewa takriban saa 12 za mwanga mwaka mzima, na katika hizo ni chache tu ambazo jembe huingia vizuri na mgongo haujaanza kuungua. Kazi ya asubuhi ilitokana na hesabu hiyo. Wageni wengi waliokuja baadaye walimwona mtu ameketi kivulini saa nane mchana, wakamwita mvivu bila kuuliza alikuwa wapi saa moja asubuhi.

Jena na Bukoba chini ya bendera moja

Mwaka 1890 Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba, na Karagwe ikaingizwa katika himaya mpya. Mwaka 1897 serikali ya kikoloni ilitangaza kodi ya kibanda. Kodi ilitaka fedha, na kwa asiyekuwa na mazao ya kuuza, fedha ilitaka kibarua. Ndivyo saa za Mwafrika zilivyoanza kupigiwa hesabu na mtu mwingine. Kule Usambara, wenye mashamba walipolalamika kuwa watu hawataki kazi, ilibuniwa kadi iliyomlazimisha kila mwanamume kumfanyia mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne.

Katika miaka hiyohiyo, ndani ya Ujerumani yenyewe, jambo tofauti lilikuwa likijaribiwa. Kiwanda cha hadubini na darubini cha Carl Zeiss mjini Jena kiliongozwa na mwanafizikia Ernst Abbe. Mwaka 1900 Abbe alipunguza siku ya kazi kutoka saa 9 hadi saa 8. Kisha alilinganisha kazi ya mafundi 233 waliolipwa kwa kipande, mwaka mmoja kabla ya badiliko na mwaka mmoja baada yake. Katika saa 8 walizalisha zaidi kidogo ya walichokuwa wakizalisha katika saa 9. Abbe alieleza kuwa uchovu wa jana usipoisha huingia katika kazi ya leo, na saa ya mwisho ya siku ndefu huharibu saa za kesho.

Kuna jambo ambalo wanaomtaja Abbe mara nyingi huliruka. Mafundi wa Jena hawakupewa saa tupu. Katiba ya taasisi iliyomiliki kiwanda, iliyotungwa mwaka 1896, ilikuwa tayari imewahakikishia likizo yenye malipo, gawio la faida na pensheni. Fundi aliyeongeza bidii alijua bidii hiyo haitageuzwa kuwa kamba ya kumfunga. Himaya moja, kizazi kimoja cha watawala: Jena mfanyakazi alipunguziwa saa akaaminiwa, na huku kwetu aliandikiwa kadi. Historia imetuachia jaribio la pande mbili, na matokeo yake tunayajua. Jena tija ilipanda. Huku watu walikimbia kazi, na serikali ikaendelea kuwasaka.

Ng'ambo ya Kagera

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walichukua Tanganyika na Wabelgiji wakachukua Ruanda-Urundi. Mto Kagera ukawa mpaka wa tawala mbili, na Karagwe ikawa mlango. Ng'ambo ya pili kulikuwa na kazi za shuruti: barabara, mashamba ya lazima, na utumishi kwa machifu usio na ujira, vyote vikisimamiwa kwa kiboko. Njaa ya Rwakayihura ya mwaka 1928 na 1929 ilipoikumba mashariki mwa Rwanda, watu walivuka kwa maelfu. Wengine walibaki katika vibanja vya Karagwe na Bukoba, ambako kahawa ilikuwa inalipa na wenye mashamba walihitaji mikono. Wengine waliendelea hadi Buganda.

Watu hawa walikuwa maskini wa mwisho. Kwa hesabu ya kawaida wangechukua kazi yoyote yenye mshahara mkubwa, hata ingekuwa ya kutwa nzima. Hata hivyo wengi walipendelea kibarua kwa mkulima mwenzao mweusi kuliko shamba kubwa lenye mnyapara. Kwa mkulima walipimiwa sehemu ya kulima, wakaimaliza asubuhi, wakala, na mchana wakawa huru. Baadhi walipata kipande cha ardhi na kujilimia wenyewe. Waliipa thamani saa yao kama sarafu, kwa sababu saa ile ndiyo iliyomgeuza mkimbizi kuwa mwenye mji. Koo nyingi zenye asili ya ng'ambo zinazoishi leo kando ya Kagera zilianza namna hiyo.

Serikali ya Waingereza nayo ilianza kuyatazama maisha ya vibarua. Mwaka 1926 iliunda idara ya kazi chini ya Meja Granville Orde-Browne, iliyosimamia kambi za mapumziko katika njia za wahamiaji. Mdororo wa uchumi ulipofika, mwaka 1931 idara ikavunjwa. Yalipopungua mapato ya serikali, wa kwanza kuachwa peke yake alikuwa kibarua.

Bati la Kyerwa na ngwe ya mkonge

Vilima vya Kyerwa vina bati. Katika kipindi hicho cha Waingereza kampuni ya Kyerwa Syndicate ilichimba huko, na mashimo yake bado yapo. Madini yenyewe ni mawe meusi mazito yaliyofichwa katika mwamba na changarawe. Mtu anavunja, anabeba, kisha anaosha kwa maji, mchanga mwepesi unaondoka na bati linabaki chini. Ni kazi inayotaka bega na jicho kwa pamoja. Aliyechoka hupitisha bati pamoja na mchanga, na lililopita halirudi. Singapore ilipoanguka mikononi mwa Wajapani Februari 1942 na bati la Malaya likapotea kwa Waingereza, kila gunia lililotoka Afrika lilipanda thamani.

Nchini kote katika miaka hiyo kazi za mashamba na mitaro zilipimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kadi ya kipande: siku 30 za kazi ambazo hazikuwa lazima zifuatane, na mshahara ulitoka kadi ikijaa. Ya pili ilikuwa ngwe. Mkata mkonge wa Tanga alipewa idadi ya matita kwa siku. Akiyamaliza kabla ya saa sita, anakwenda zake. Mabwana shamba waliandika kwa mshangao kwamba mtu anayejikokota akilipwa kwa kutwa huwa mwepesi akipewa ngwe. Hapakuwa na ajabu. Alikuwa akiinunua alasiri yake kwa jasho la asubuhi.

Ni hapo pia ndipo ugonjwa wa mfumo ulipoonekana. Mwajiri aliyeona ngwe inaisha saa nne alishawishika kuiongeza, na wakataji waliojua hilo walijifunza kuficha wepesi wao. Baada ya kima cha chini cha mshahara kupandishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wenye mkonge walipandisha ngwe na kupunguza watu, na maelfu wakapoteza kazi. Mwenye kiwanda cha magari Henry Ford alikuwa amekwisha kuonyesha pande zote mbili za jambo hili huko Detroit. Mwaka 1914 alishusha siku ya kazi kutoka saa 9 hadi 8 na kutangaza ujira wa dola 5, na tabia ya wafanyakazi kuacha kazi kila mara ikapungua sana. Lakini kasi ya mkanda wa kuunganishia magari ilibaki mkononi mwa bwana, na saa iliyopunguzwa inaweza kurudishwa kimyakimya kwa kuukaza mkanda.

Azimio na saa za mwanamke

Mwaka 1967 Azimio la Arusha lililiweka suala la saa wazi mbele ya taifa. Lilieleza kuwa mfanyakazi wa mshahara mjini hufanya kazi karibu saa 45 kwa juma, kisha likawauliza wakulima, hasa wanaume, wao hufanya ngapi. Halafu likasema jambo ambalo halikuwa kawaida kusemwa na chama kinachotawala: vijijini wanaofanya kazi kweli ni wanawake, wengine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu.

Katika Karagwe, iliyokuwa wakati huo sehemu ya Mkoa wa Ziwa Magharibi, sentensi hiyo ilieleza maisha ya kila nyumba. Kahawa ilikuwa zao la mume, na fedha yake ikaingia mfuko wa mume. Maharage, ndizi za chakula, maji, kuni na watoto vilikuwa vya mke. Mume alipomaliza kazi ya asubuhi na kwenda kwenye pombe ya ndizi, mkewe alishuka bondeni na ndoo. Kwa hiyo ile siku fupi ya kibanja niliyoisifu hapo juu ilikuwa fupi kwa nusu ya watu, na ufupi wake ulisimama juu ya urefu wa siku ya nusu nyingine. Historia ya saa za kazi isiyolisema hili ni historia pungufu.

Rais Nyerere alikuwa sahihi kuona pengo. Njia iliyofuata ndiyo iliyokosea. Katika miaka ya 1970 juhudi za kuongeza uzalishaji ziligeuka kuwa amri: hamieni vijijini, limeni ekari hizi, fikeni shamba la kijiji siku hizi. Mkulima akarudi kwenye hali aliyoikimbia babu yake, ya kufanya kazi katika muda uliopangwa na mwingine kwa faida asiyoiona. Mashamba ya pamoja yaligeuka mapori katika sehemu nyingi za nchi wakati vibanja vya watu vikibaki safi. Watu walikuwa walewale, na majembe yalikuwa yaleyale.

Sheria, duara na hatua

Mkoa uliitwa Kagera mwaka 1979 baada ya vita dhidi ya Idi Amin. Mwaka 1990 Karagwe ilipata chama chake kikuu cha ushirika, KDCU, na mwaka 2012 Kyerwa ikawa wilaya inayojitegemea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 kwa juma na 9 kwa siku, pamoja na malipo ya moja na nusu kwa saa za ziada. Ni sheria nzuri. Lakini watu wengi wa wilaya hizi mbili hawana mkataba wa ajira unaoweza kuwaletea ulinzi huo.

Tazama msimu wa kahawa. Kibarua anafika kukiwa na ukungu. Mwenye shamba anapima kwa hatua, anachomeka kijiti, wanakubaliana bei. Kijana mwenye nguvu anaanza bila kuinua kichwa, na saa nne na nusu kijiti kiko nyuma yake. Sasa kila kitu kinategemea maneno ya mwenye shamba. Akilipa na kumwambia "Asante, kesho tena," kesho kijana atakuja na kasi ileile, na huenda akaja na mdogo wake. Akisema "Bado mapema, ongeza hadi pale kwenye mgomba," kesho kijana atalima polepole hadi saa sita, magugu yakikatwa juu na mizizi ikibaki. Wengi wetu tuliokulia mashambani tumeyaona yote mawili, na tunajua ni shamba lipi lilihitaji palizi ya pili mapema.

Kwenye bati hali ni kinyume. Wachimbaji wadogo wa Kyerwa hawana kengele wala mnyapara. Hulipwa kwa kinachotoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, na kugawanywa. Kipimo kipo mkononi mwao, lakini hakina mwisho. Shimo likinyima, mtu huongeza saa, akachimba amechoka, na mchimbaji aliyechoka chini ya udongo uliolegea yupo hatarini. Uhuru wa kupanga saa zako bila uhakika wa kula jioni ni uhuru wa kujimaliza. Soko rasmi la bati wilayani limemsaidia mchimbaji kujua bei halali ya jasho lake, na bei halali hupunguza saa kuliko hotuba.

Dunia imeendelea kupima. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walichunguza viwanda vya silaha, vilivyojaa wanawake, na takwimu zao zilichambuliwa upya na mchumi John Pencavel mwaka 2014. Aliona kuwa baada ya karibu saa 49 kwa juma, kila saa iliyoongezwa ilizaa pungufu kuliko iliyotangulia, na kwamba aliyefanya saa 70 alitoa karibu sawa na aliyefanya 56. Iceland, kati ya 2015 na 2019, wafanyakazi zaidi ya 2,500 walipunguziwa saa bila kukatwa mshahara, na katika sehemu nyingi huduma haikushuka. Uingereza mwaka 2022 kampuni 61 zilijaribu juma la siku nne, na 56 zikaamua kuendelea baada ya jaribio. Katika majaribio hayo mawili ya mwisho masharti yalijulikana tangu mwanzo: mshahara haupungui, kazi inayotakiwa inajulikana, na wafanyakazi wenyewe wanashiriki kupanga namna ya kuifanya. Ni mapatano yaleyale ya kijiti na hatua, yaliyoandikwa kwenye karatasi.

Hayo hayahamishiki kila mahali kwa urahisi. Muuguzi wa hospitali ya Nyakahanga hawezi kumaliza ngwe yake saa nne asubuhi, kwa sababu wagonjwa hawana saa. Kumpunguzia saa ni kuongeza wauguzi, na hilo linataka fedha. Mwalimu wa Murongo mwenye darasa lililofurika naye vivyo hivyo. Kwa kazi za namna hiyo, tija haimaanishi wingi. Inamaanisha kutokosea dozi, na kuwa na subira ya kumweleza mtoto mara ya tatu. Uchovu hula hizo kwanza.

Tangu wapagazi wa mwaka 1861 hadi vibarua wa leo, upande huu wa Kagera umejibu swali letu mara nyingi, na jibu halijabadilika. Saa fupi huongeza bidii pale mfanyakazi anapoamini mambo mawili: kwamba muda anaouokoa ni wake, na kwamba kipimo hakitaongezwa kwa sababu amekimaliza. Kikikosekana kimoja, unaweza kufupisha siku utakavyo na watu wataijaza kwa kujikokota. Mwajiri anayetaka kujaribu, awe na shamba la ekari tatu au ofisi ya watu thelathini, aanze kwa kutangaza kipimo na kukiheshimu msimu mzima.

Na kama wilaya hizi zinataka upunguzaji wa saa utakaoongeza uzalishaji kuliko wowote, zianzie pale Azimio lilipogusa. Bomba la maji karibu na nyumba humrudishia mama saa kila siku. Jiko linalokula kuni chache humrudishia nyingine. Mradi wa kuyatoa maji Ziwa Rwakajunju kuyaleta Kayanga na Omurushaka, ulioingizwa katika mpango wa maji wa miji 28, kwa kawaida huhesabiwa kuwa mradi wa afya. Uhesabiwe pia kuwa mradi wa kazi. Mwanamke atakayepumzika saa mbili kwa siku atalima vizuri zaidi saa zilizobaki, kama mafundi wa Jena, kwa sharti lilelile: saa hizo ziwe zake, na asitokee mtu wa kumwongezea ngwe nyingine.